Dawa ya Uongo ya Mama Sufuria

Jikoni kwa taasisi ile ya kupima dawa za miti kulikuwa na sufuria kumi na moja, na zote zilimtii mwanamke mmoja mfupi, mnene wa mikono, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Sufuria. Hakuwa na kinyongo na jina hilo. Alisema kuitwa kwa kazi yako ni afadhali kuliko kuitwa kwa kilema chako, na akisema hivyo alimtazama mlinzi wa getini, ambaye wote walimwita Kisogo. Kila siku alipika chai ya saa nne na chakula cha mchana cha watu arobaini, kuanzia madaktari hadi wafagiaji, pamoja na yule fundi wa maabara aliyekula kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika. Sahani zilirudi tupu. Kwa miaka tisa hakuna aliyelalamika, isipokuwa kuhusu udogo wa vipande vya nyama, na hilo halikuwa kosa la mpishi.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nyumbani alikuwako mama mkwe.

Mama mkwe huyu alikuwa mganga wa miti, na sifa zake zilifika hata mitaa asiyoijua mwenyewe. Chumba chake cha uani kilijaa magome, mizizi na majani yaliyofungwa vitita vitita, na kila asubuhi ungewakuta watu wamekaa kwenye benchi la ukutani wameshika matumbo. Dawa iliyompa jina ilikuwa moja tu, ya vidonda vya tumbo, na hiyo hiyo aliwapa wenye maumivu ya mgongo, ya jino na ya kuachwa. Ilikuwa na rangi ya udongo, uchungu wa kumfumba mtu jicho moja, harufu ya moshi, na povu jepesi juu. Alipoipika alifunga mlango. Mama Sufuria, zamani za ugeni wake nyumbani humo, aliwahi kubisha hodi na kuomba afundishwe. Mama mkwe alimjibu kwa upole, kupitia tundu la ufunguo, kwamba ya jiko lake hayamhusu mtu.

Ya jiko la Mama Sufuria, lakini, yalimhusu sana. Kila jioni, chakula kikikaribia kuiva, mama mkwe aliingia jikoni bila kishindo, akautwaa mwiko mkononi mwa mkaza mwanawe, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, akashusha pumzi, akaurudisha mwiko. Basi. Hakusema neno. Angesema neno, mtu angejitetea. Pumzi utaijibu nini? Miaka ishirini na miwili Mama Sufuria alikuwa amesikiliza pumzi ile, na alijua aina zake zote: ya chumvi, ya kitunguu, na ile ndefu ya kumhurumia mwanawe.

Ni kwenye wali tu mama mkwe alipofungua kinywa. "Bibi harusi," angesema, kwa maana mpaka leo alimwita bibi harusi, kama mtu aliyewasili juzi na bado anaangaliwa, "wali umeshika tena."

Na kweli ulishika. Wali wa watu arobaini kazini haukushika hata siku moja, ila wali wa watu watatu nyumbani ulishika kila ulipopikwa. Ulipikwa katika sufuria nyembamba chini kama karatasi, na sufuria hiyo ilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa mama mkwe mwenyewe. Mama Sufuria alikuwa na mawazo yake kuhusu zawadi hiyo, ila hakuwahi kuyatoa. Mumewe, fundi redio, alikuwa na dawa yake ya mambo yote haya: alikula haraka akarudi kwenye redio zake.

Mtu angemuuliza Mama Sufuria anataka nini duniani, angesema afya na amani, kama wanavyosema wote. Uongo mtupu. Alitaka siku moja, moja tu, mama mkwe aonje kitu alichopika yeye na aseme ni kizuri. Aseme kwa sauti, na watu wasikie.

Taasisi ndiyo iliyomfuata mama mkwe, siyo mama mkwe aliyeifuata taasisi. Daktari mkuu wa utafiti, mwanamke mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani ambayo kila siku aliitafuta, alisikia habari za dawa hiyo kwa dereva wake, akaenda uani kwa adabu zote na kuomba aipime. Mama mkwe alikubali kwa sharti kwamba hatamwambia mtu imechanganywa nini mpaka aone wana nia njema. Kwa hiyo aliipika nyumbani mwenyewe, mlango umefungwa, na gari la taasisi likawa linakuja kuchukua dumu.

Walianza na panya. Fundi wa maabara alimnywesha panya dawa, akamweka juu ya bamba la moto wa wastani, akashika saa na, ili kupima maumivu, kuhesabu ni sekunde ngapi zitapita kabla panya hajalamba mguu. Panya wa dawa ya mama mkwe walichelewa kulamba. Wengine walitiwa vidonda tumboni, na waliokunywa dawa wakaonekana wana nafuu kuliko wenzao. Daktari alifurahi. Mama mkwe alinuna wiki nzima, akauliza tangu lini panya wamekuwa wakubwa wa nyumba hata wahudumiwe kabla ya watu.

Zamu ya watu ilipofika ndipo kazi ilipokwama. Daktari alieleza kwamba wagonjwa watakuwa sitini, wote wenye vidonda visivyo vya kutisha, waliokwisha kuchunguzwa kwa kamera ya kuteremshwa tumboni. Nusu yao wangekunywa dawa ya mama, na nusu wangekunywa dawa ya uongo: kitu chenye rangi ile ile, harufu ile ile na uchungu ule ule, lakini kisicho na dawa hata chembe. Mgonjwa asijue anakunywa ipi, na anayemmiminia asijue. Baada ya miezi mitatu ndipo wangeangalia nani amepona kwa dawa na nani amepona kwa kuamini. Ili kuhakikisha kwamba dawa ya uongo inafanana kweli, mama mkwe mwenyewe angewekewa glasi mbili. Akiitambua yake, ile ya uongo inamwagwa.

Fundi wa maabara ndiye aliyetengeneza ya kwanza, kwa rangi na unga mchungu wa kwenye kichupa. Mama mkwe aliinusa tu, akasema hayo ni maji ya kufulia soksi. Ya pili aliitia mdomoni, akaitema kwenye chungu cha maua cha daktari, na maua yale hayakuwa sawa tena. Kamati inayosimamia utafiti ikaandika barua fupi: jaribio la tatu likishindikana, dawa ya mama itarudishwa kabatini na mti wa mtu mwingine utashika zamu.

Siku barua ilipofika, daktari alishuka jikoni na kufunga mlango. Mama Sufuria alidhani wamegundua habari za vipande vya nyama.

Daktari hakuzunguka. Alisema fundi wake ni hodari wa kupima lakini hajui kupika. Hapa alihitajika mtu mwenye ulimi na pua, na katika jengo zima mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja, tena mtu huyo ameishi na harufu ya dawa ile miaka ishirini na miwili na amenyweshwa mara ngapi hajui. Akataja miiko: hakuna tangawizi, limau, pilipili wala majani ya chai, wala kitu chochote ambacho bibi yake aliwahi kumwambia kinatibu. Mama Sufuria akauliza kama maji yanaruhusiwa. Yaliruhusiwa. Kisha akasaini karatasi kwamba hatamwambia mtu yeyote anapika nini, si mume, si jirani, na hasa si mama mkwe, mpaka siku matokeo yatakaposomwa.

Alisaini haraka hata kalamu ikatoboa karatasi. Daktari alidhani ni moyo wa kazi. Haukuwa moyo wa kazi. Mama Sufuria alikuwa amekwisha kuona kwa macho ya akili glasi mbili mezani, na mama mkwe anaonja, na anashindwa.

Wiki ya kwanza alihangaika. Sukari ya kuunguza ilimpa rangi nzuri sana, lakini ilinukia kama peremende. Aliizidisha moto mpaka ikawa chungu, na bado ule moshi haukuwepo. Usiku mmoja wa maharage, maji yake yaliyobaki yakamwonyesha povu, akarukaruka jikoni peke yake. Lakini moshi, moshi atautoa wapi? Alikuwa anakwangua ukoko nyumbani, akijiandaa kwa lile neno la kila siku, ndipo alipoinamia sufuria na kuinusa. Akainusa tena. Ukoko wa wali, ulioungua ukapitiliza, ukilowekwa kwenye maji ya moto, unatoa harufu ile ile inayotoka chini ya mlango wa mama mkwe.

Kazini alipika wali ili uungue. Alisimama mbele ya jiko akiusubiri, jambo ambalo mpishi mwenye akili zake hajapata kulifanya, na wali ukakataa. Sufuria za taasisi zilikuwa nene; wali uliiva, ukachanua, ukatulia, mweupe kabisa. Alijaribu mara tatu, na wafanyakazi wakala wali siku tatu mfululizo wakimsifu. Siku ya nne akaichukua ile sufuria ya harusi, akaifunga kitambaa, akaitia kikapuni, akaja nayo kazini. Nyumbani alisema ameipeleka kwa fundi, kwa kuwa mkono wa sufuria umelegea. Mama mkwe alisema fundi gani anayekubali kushika kitu kama kile, na hakuuliza zaidi.

Sufuria ile haikumwangusha. Wali ulishika ndani ya robo saa.

Siku ya kuonja, meza iliwekwa katikati ya chumba cha kulia. Daktari alikaa na karatasi yake, fundi wa maabara akaleta glasi mbili, na mama mkwe akaja amevaa viatu vya kutokea. Mama Sufuria alikuwa nyuma ya lile dirisha dogo la kupitishia sahani, amechuchumaa, jicho kwenye ufa. Glasi zilitoka jikoni kwake, na aliyotia dawa ya uongo alikuwa ameichagua yenye kidoa kidogo kwenye kitako, ili yeye asipotee hata kama wengine wote watapotea.

Mama mkwe aliinua ya kulia, akainusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akainua ya kushoto, yenye kidoa. Alionja. Akafumba macho. Kisha akashusha pumzi, na nyuma ya dirisha Mama Sufuria roho ilimruka, maana pumzi ile hakuijua. Haikuwa ya chumvi, haikuwa ya kitunguu. Mama mkwe akaonja tena, akaiinua glasi usawa wa macho kwa muda ambao mtu angeweza kumenya kitunguu kizima.

"Hii ndiyo yangu," alisema, akiishika ile yenye kidoa. "Hiyo nyingine mkaoshee chupa."

Daktari akaandika maneno yale kama yalivyo, mama mkwe akatia saini, na Mama Sufuria akajikuta stoo, kati ya magunia ya vitunguu, anacheza bila muziki.

Sasa fikiria mateso yake. Amemshinda mama mkwe, tena kwa ukoko, ule ule aliochambwa nao nusu ya maisha yake, na hawezi kumwambia mtu. Miezi mitatu alitembea na siri ile kama mtu aliyeficha yai moto mdomoni. Alijikuta akiimba anapoosha vyombo. Mama mkwe alipoingia jikoni na kushusha pumzi juu ya mchuzi, Mama Sufuria alitabasamu, na mama mkwe akamtazama kwa jicho la pembeni, akauliza kama amepata habari njema kutoka kwao.

Mezani mama mkwe alipenda sasa kumzungumzia huyo mtu anayeigiza dawa yake. Hakujua ni nani, alisema, wala hakutaka kujua, lakini kwa vyovyote alikuwa mtu asiyejua kupika. Mtu anayejua kupika angekuwa na kazi ya maana. Mama Sufuria alipaliwa na maharage mpaka mumewe akampiga mgongoni.

Mara tatu kwa wiki aliamka alfajiri, akaunguza wali, akaunguza sukari, akachanganya na kujaza chupa. Zilipotoka jikoni zilipewa namba, na kuanzia hapo hata yeye hakujua zinakwenda kwa nani. Wagonjwa walikaa kwenye benchi chini ya dirisha lake, naye akawasikia. Alikuwepo fundi cherehani mmoja, mwembamba, mwenye maneno mengi, aliyeapa kwamba chupa yake ndiyo ya kweli kwa sababu anaisikia ikishuka na kufanya kazi, na kwamba sasa anakunja mgongo kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni bila kushika tumbo. Jirani yake, mwalimu mstaafu, alisema yake ni maji ya chooni na anakuja kwa sababu ya heshima tu. Fundi cherehani alimpa pole kila walipokutana, pole ya mtu aliyebahatika.

Siku ya matokeo ukumbi ulijaa. Wagonjwa walikaa mbele, wafanyakazi nyuma, na mama mkwe kiti cha pembeni ya daktari, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Fundi redio naye alikuja, amekaa karibu na mlango. Mama Sufuria alikuwa amevaa gauni lake la sherehe chini ya aproni, ili akiitwa asimame aivue.

Daktari alisoma taratibu, na hakutia chumvi. Kamera zilionyesha kwamba waliokunywa dawa ya mama vidonda vilipungua kwa wengi zaidi kuliko wenzao, ila siyo kwa wote, na kwamba hilo ni jambo la kutia moyo lakini lazima lipimwe tena, kwa watu wengi zaidi, kabla ya mtu yeyote kupiga vigelegele. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa kama malkia anayeletewa habari za shamba lake. Kisha yakaja maumivu. Katika watu thelathini wa dawa ya kweli, ishirini na wawili walisema maumivu yamepungua. Katika thelathini wa dawa ya uongo walikuwa kumi na saba.

Minong'ono ikazuka. Daktari akasoma namba za chupa, na fundi cherehani akasikia ya kwake imo kwenye za uongo. Alisimama. Akasema kwa heshima zote hapo pana makosa, kwa sababu tumbo ni lake na anajua kilichopita. Alipoonyeshwa karatasi aliitazama sana, kisha akauliza kama anaweza kuendelea kupewa hiyo hiyo ya uongo, maana imemzoea. Mwalimu mstaafu, ambaye miezi yote alikuwa anakunywa ya kweli, alicheka mpaka akashika mbavu.

Ndipo daktari akaieleza hadhira jinsi dawa ya uongo ilivyopatikana. Akaitoa karatasi ya siku ya kuonja, akaisoma neno kwa neno, hadi pale pa kuoshea chupa, na akasema kwamba glasi ile mama aliyoiita yake ilikuwa ya uongo, kazi ya mpishi wetu, mkaza mwana wa mama huyu huyu. Tafadhali asimame.

Mama Sufuria alisimama. Aproni ilikuwa imekaza fundo na haikutoka, lakini hakuna aliyejali. Ukumbi ulicheka na kupiga makofi pamoja, na kicheko kile hakikuwa cha kumshangilia yeye. Kilikuwa cha kumcheka mama mkwe. Kisogo alicheka kwa sauti kuliko wote. Mganga wa mitaa yote ameonja mapishi ya jikoni akayaita dawa yake. Siku hii Mama Sufuria alikuwa ameiota kwenye kila sufuria aliyosugua, na katika ndoto hiyo mama mkwe aligeuka kumtazama. Sasa mama mkwe hakugeuka. Alikaa wima, akakirekebisha kitambaa chake ambacho hakikuwa kimelegea, na mkono wake ulitetemeka kidogo. Furaha yote aliyoiweka akiba miezi mitatu ikaingia mchanga. Mama Sufuria aliona haya, akaona na hasira kwa kuona haya, akakaa kabla makofi hayajaisha.

Jioni ile alirudi nyumbani na sufuria yake kikapuni. Hakujua apike nini, basi akabandika wali, na maharage pembeni. Mumewe alikuwa ameingia kwenye redio zake kabla ya wakati. Mlango wa uani ulilia, na mama mkwe akaja jikoni, bila kishindo kama siku zote. Akaitazama sufuria jikoni.

"Imepona mkono?" aliuliza.

Mama Sufuria akasema imepona. Kisha maneno yakamtoka yote kwa mkupuo, kwamba asamehewe, kwamba alikuwa ameapa, kwamba hakujua daktari angeisoma karatasi ile mbele za watu. Mama mkwe alimwacha amalize. Alinyoosha mkono, akautwaa mwiko.

"Ukoko wa wali," alisema. "Sukari ya kuunguza, uliyoiondoa motoni ikiwa imechelewa kidogo. Maji ya maharage. Na chumvi chembe mbili, sijui za nini."

Kile kilichomo ndani hakikusomwa ukumbini. Hata fundi wa maabara hakujua habari za chumvi.

"Miaka ishirini na miwili nakula ukoko wako, bibi harusi. Nisiujue kwa sababu umetiwa kwenye glasi?"

"Sasa kwa nini ulisema ni yako?"

Mama mkwe alieleza kama mtu anayeeleza jambo dogo. Barua ya kamati aliisikia. Angesema kweli, dawa yake ingerudishwa kabatini na mti wa mtu mwingine ungeshika zamu, na huyo mtu mwingine yeye anamjua, hawezi kutibu hata kikohozi cha kuku. Daktari alitaka dawa ambayo wagonjwa hawatatambua. Wagonjwa hawakutambua. Kwani yeye ndiye mgonjwa? Alijua kwamba siku moja karatasi ile itasomwa na atachekwa. Alikuwa amejiandaa kuchekwa na ukumbi mzima, alisema, isipokuwa Kisogo.

Kwa hiyo ushindi haukuwepo. Mama Sufuria alisimama pale na aproni yake, akahesabu nyimbo zote alizoimba juu ya vyombo, na hasira zikampanda mpaka masikioni.

"Umeniacha miezi mitatu najua nimekuweza," alisema. "Tena ukakaa mezani unaniambia sijui kupika."

"Ulikuwa na furaha. Nyumba ilikuwa inaimba. Ningekunyang'anya?"

Kwenye jiko wali ulianza kutoa ule mlio mkavu wa kushika, na hakuna aliyeushughulikia. Mama mkwe hakuonja kitu. Aliugeuzageuza mwiko mkononi, akautazama, akatazama mlango, akawa kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

"Ila lile povu," alisema mwishowe.

"Povu limefanya nini?"

"Povu la maharage hufa kabla hujafunika chupa. Na langu mimi, siku za baridi linakufa vile vile, napiga mpaka mkono unaniuma. Lako nililikuta kwenye glasi limesimama, na nimeonja mara mbili bado limesimama. Sikushusha pumzi kwa sababu ya ukoko. Nilishusha kwa sababu ya povu. Umelifanyaje?"

Miaka ishirini na miwili, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu upishi. Jibu lilikuwa tayari kinywani mwa Mama Sufuria, lile lile alilopewa kupitia tundu la ufunguo, na aliliachia likae kwenye ulimi kidogo, kwa raha zake. Alimtazama mama mkwe vizuri: kitambaa kipya, viganja vilivyopasuka kwa kutwanga mizizi, mkono wa kulia unaotetemeka hata sasa ukiwa umeshika mwiko tu. Kumbe haukutetemeka ukumbini kwa aibu. Ulitetemeka kwa sababu umechoka.

Alilimeza jibu lile. Alivuta kigoda kwa mguu, akakisogeza karibu na jiko, akanyoosha mkono wake wazi mpaka mama mkwe akaelewa na kumrudishia mwiko.

"Kaa hapo, mama. Nitakuonyesha. Lakini usiguse kitu mpaka nimalize."

Mama mkwe alikaa. Aliweka mikono mapajani, akafunga vidole vyake vyenyewe kwa vyenyewe ili visimponyoke.

"Haya, mpishi," alisema. "Anza."